Ahmad Bin Majid: Mwalimu wa Bahari, Nyota Zake na Tuhuma Aliyobebeshwa



 Kila mara tunaletewa maswali kuhusu nyota. Mzazi anauliza kama inafaa kuhesabu herufi za jina la kijana na la mama yake kwa abjad, ili atazame kama nyota yake inapatana na ya binti anayeposwa. Mwingine ameambiwa asifungue duka mwezi huu kwa sababu Zuhali na Mirihi zinatazamana kwa uadui. Wa tatu, na huyu aghalabu ni mwanafunzi, anauliza kwa upande wa pili: ikiwa unajimu ni haramu, mbona mabaharia wetu wa zamani walizisoma nyota, na mbona kibla na nyakati za Swalah zinahesabiwa kwa mbingu?

Hukmu ya kumwendea mtabiri inajulikana, na wanavyuoni wameifafanua mara nyingi. Mara hii tumeona tupitie maisha ya mtu mmoja aliyezisoma nyota umri wake wote, ambaye vyombo vilivyokuja Mombasa, Unguja na Kilwa vilitumia elimu aliyoiandika. Jina lake linatajwa sana visiwani na pwani yote, na bahati mbaya mara nyingi linatajwa kwa ubaya asiothibitishiwa.

Yeye ni Shihabuddin Ahmad bin Majid, kutoka Julfar, mji wa bandari uliokuwa karibu na Ras al-Khaimah ya leo, katika Ghuba. Wachunguzi wengi wanakadiria kuwa alizaliwa katika miaka ya 1430 Miladi. Babu yake alikuwa rubani wa Bahari ya Sham, na baba yake vilevile. Baba alitunga urjuza ndefu yenye beti zaidi ya elfu juu ya njia za bahari hiyo, ambayo ni bahari ngumu, imejaa miamba na mafungu, na mahujaji wengi wameangamia humo. Mtoto alikulia kati ya tanga na beti. Alijifunza kwa baba yake, kisha akayapima maneno ya baba yake kwa safari zake mwenyewe, na palipohitaji kusahihishwa akasahihisha. Hili tunalitaja kwa makusudi. Alimheshimu mzazi wake na akamdua, lakini mwamba ulipo ndipo ulipo, hausogei kwa sababu ya heshima.

Katika mwaka 866 Hijriyyah (1462 Miladi) alikamilisha utungo wake mkubwa wa kwanza, Hawiyat al-Ikhtisar, juu ya misingi ya elimu ya bahari. Wakati huo alikuwa bado kijana kwa kiasi. Kitabu chake mashuhuri zaidi, ambacho ni cha nathari, ni Kitab al-Fawaid fi Usul Ilm al-Bahr wal-Qawaid, cha mwaka 895 Hijriyyah, yaani 1489 au 1490 Miladi. Tungo zake zote zinazojulikana zinakaribia 40, na nyingi ni za mashairi. Kulikuwa na sababu ya kutunga kwa mashairi: rubani aliye juu ya staha usiku, upepo unavuma na taa imezimika, hawezi kufungua kitabu. Anachokihitaji lazima kiwe kichwani, na beti hukaa kichwani kuliko maneno ya kawaida. Wazee wetu waliofundisha fiqhi na tajwidi kwa nudhumu waliijua siri hiyohiyo.

Mabaharia waliomtangulia walikuwa na mabingwa wao watatu wa zama za Bani Abbas, Muhammad bin Shadhan, Sahl bin Aban na Layth bin Kahlan, waliokuwa wakiitwa simba wa bahari. Ibn Majid alijihesabu kuwa wa nne wao. Hakuficha kuwa wale watatu, kwa maoni yake, walikusanya zaidi kuliko walivyosafiri, ila aliwaachia nafasi zao za mbele kwa ajili ya kutangulia kwao. Unyenyekevu haukuwa sifa yake kubwa, tuseme kweli. Katika maandishi yake anajisifu waziwazi. Lakini anapofika kwenye adabu ya rubani lugha yake hubadilika. Anamtaka awe mvumilivu, awe macho, ajue tofauti ya haraka na wepesi, asimdhulumu mtu chomboni, na adumu na tohara na kumdhukuru Allah, kwani aliye baharini ni mgeni wa Muumba wake.

Nyota alizozitaka na nyota alizoziacha

Sasa tufike kwenye maudhui yenyewe. Mbingu ya usiku ina taa za aina mbili. Zipo nyota thabiti, ambazo hukaa katika mpangilio mmoja: Kilimia kilivyo leo ndivyo alivyokiona babu wa babu yako. Na zipo sayari, ambazo hutembea katikati ya hizo nyota thabiti. Watu wa zamani walizihesabu kuwa saba pamoja na jua na mwezi: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zuhali ndizo tano zilizobaki.

Mnajimu anazitaka hizi zinazotembea. Anagawa njia ya jua katika buruji 12, kuanzia Hamali hadi Hutu, kila moja nyuzi 30. Kisha anatazama kila sayari iko buruji gani na iko umbali gani kutoka kwa mwenzake. Zikiwa mahali pamoja anaita kirani. Zikiwa mbali kwa nyuzi 60 ni tasdisi, nyuzi 90 ni tarbii, nyuzi 120 ni tathlithi, na nyuzi 180, yaani moja huku na nyingine kule, ni mukabala. Tasdisi na tathlithi wanaziita mitazamo ya mapenzi. Tarbii na mukabala ni za uadui. Hapo ndipo lilipotoka lile neno aliloambiwa mwenye duka.

Tena kuna mizunguko. Mushtari huchukua takriban miaka 12 kuzimaliza buruji zote, na Zuhali miaka 29 na nusu. Kwa hiyo Mushtari humfikia Zuhali kila baada ya miaka 20 hivi. Walikutana mara ya karibuni Disemba 2020, na yeyote aliyetazama magharibi baada ya Maghrib siku zile aliziona zimekaribiana kama taa mbili za jahazi moja. Wanajimu wa zamani, mmojawapo Abu Ma'shar wa Balkh aliyefariki mwaka 886 Miladi, walijenga juu ya kirani hizo hadithi nzima za kuinuka na kuanguka kwa dola. Jina lake bado liko juu ya vile vijitabu vya falaki vinavyouzwa kwa bei nafuu na kutumiwa na baadhi ya waganga wa pwani.

Msomaji wetu aelewe vizuri hapa, maana wengi huchanganya. Miaka 12 ni kweli. Miaka 20 ni kweli. Nyuzi 90 ni kweli, unaweza kuzipima. Mwanafalaki anaweza kukwambia leo hii Zuhali itakuwa wapi baada ya miaka mia, na itakuwa hapohapo, kwa kuwa Allah Ameziwekea kila moja hesabu na njia yake. Elimu hiyo wanavyuoni wameiita ilmu ya tas-yiri, ya kujua mwendo, na hawakuikataza. Tatizo linaanza pale mtu anapopanda ngazi ya pili na kusema kuwa kwa sababu Zuhali yuko pale, basi fulani atafilisika, au ndoa ya fulani haitadumu. Hiyo ni ilmu ya taathiri, na hakuna kipimo kinachoiunganisha ngazi ya pili na ya kwanza. Mnajimu huazima uaminifu wa hesabu sahihi akaufunika juu ya dai lisilohesabika. Mteja anaona majedwali na namba, anadhani yote ni elimu moja.

Mwaka 1524 ulikuwa mtihani wa wazi. Ilijulikana miaka mingi kabla kuwa mwezi wa Februari sayari nyingi zitakusanyika katika buruji ya Hutu, ambayo ni ya samaki, ya maji. Wanajimu wa Ulaya wakatangaza gharika. Vitabu vingi vikachapishwa, na wapo waliohama mabondeni wakapanda vilimani. Sayari zilikusanyika kweli, kama zilivyohesabiwa. Gharika haikuja.

Ibn Majid alikuwa na haja tofauti. Hakuhitaji kujua bahati ya mwenye shehena. Alihitaji kujua chombo kiko wapi na kielekee wapi. Kwa haja hiyo sayari hazifai, kwa kuwa leo ziko hapa na mwakani ziko kwingine. Rubani akiifuata Zuhura kama dira atakipeleka chombo majabalini. Alizitaka nyota thabiti. Aligawa duara ya upeo katika pembe 32, na pembe hizo mabaharia waliziita kwa majina ya nyota zinapochomoza na zinapozama. Akaeleza vituo 28 vya mwezi, ambavyo mwezi hulala kimoja kila usiku, na jua hukipita kila kimoja kwa siku 13 hivi. Kwa vituo hivyo alijua saa ya usiku na siku ya mwaka.

Kimo cha nyota alikipima kwa vidole. Kidole kimoja, isba, kilikuwa kiasi cha nyuzi moja na zaidi ya nusu. Chombo chake kilikuwa vipande vya ubao na uzi wenye mafundo: unashika ubao mbele ya macho, unabana uzi kwa meno, ukingo wa chini unagusa upeo wa bahari na ukingo wa juu unagusa nyota. Ukijua nyota ya kaskazini ina vidole vingapi Kalikut na vingapi Adeni, unasafiri mpaka upate hesabu hiyo, halafu unageuza chombo ukifuata mstari huo hadi nchi kavu. Jambo rahisi kabisa kulieleza, na gumu kulitenda wakati staha inapanda na kushuka.

Hapa kwetu kulikuwa na taabu nyingine. Unguja iko nyuzi 6 kusini ya Ikweta, na nyota ya kaskazini, ambayo mabaharia waliiita Jah, haionekani. Kila unavyoshuka kutoka Mogadishu kuja Lamu inazidi kuzama, hadi inapotea. Kwa hiyo Ibn Majid alieleza namna ya kupima kwa nyota nyingine, Farqadani mbili zilizo karibu na Jah, na zile za Na'sh, na upande wa kusini Suheli. Juu ya njia za pwani yetu alitunga urjuza maalum, as-Sufaliyya, inayoshuka bandari kwa bandari hadi Sofala, kusini ya Kilwa, palipokuwa pakisafirishwa dhahabu. Nakala yake ilihifadhiwa mbali sana na bahari hii, huko Leningrad, na ikachapishwa mwaka 1957.

Mzunguko aliouandikia kwa kirefu kuliko wote si wa Zuhali wala Mushtari. Ni wa upepo. Kaskazi inaleta vyombo kutoka Arabuni na Hindi, kusi inavirudisha. Ameeleza siku za kuondoka kila bandari, zikihesabiwa kuanzia Nairuzi, kwa sababu mwaka wa Hijriyyah huzunguka misimu na baharia akiufuata peke yake atakwenda baharini wakati wa dhoruba. Wavuvi na wakulima wa Unguja na Pemba nao walihesabu hivyo kwa miongo, na Makunduchi hadi leo wanauona mwaka kila Julai. (Hukmu ya zile sherehe zenyewe ni maudhui nyingine, hatuingii humo leo.) Anayeondoka Malindi mwishoni mwa Aprili huikuta kusi ikianza, ikimsukuma kwa nyuma hadi Hindi. Akichelewa mpaka Juni, bandari za magharibi ya Hindi zimefungwa kwa dhoruba, na hukaa hivyo takriban miezi 3. Hii nayo ni kutabiri, ukipenda kuiita hivyo. Lakini inategemea sababu ambayo Allah Ameiweka ikajirudia mbele ya macho ya watu mwaka baada ya mwaka, na anayekosea anaujua ukosefu wake ndani ya wiki moja.

Kadhalika alitunga urjuza ya kutafutia kibla katika nchi mbalimbali, ili msafiri anayeshuka bandari ngeni ajue aelekee wapi katika Swalah. Hatusemi kuwa hamna hata neno moja la wanajimu katika vitabu vyake; alikuwa mtu wa zama zake na alikusanya yaliyosemwa. Tunachosema ni kwamba hakukiongoza chombo kwa hayo. Na hili ndilo jibu la yule mwanafunzi. Qur-aan imetaja katika Suwrah al-An'aam na an-Nahl kuwa nyota zimewekwa ili watu waongoke kwazo katika giza la bara na bahari. Ibn Majid aliishi ndani ya neema hiyo.

Ilipotokea Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kufiwa na mwanawe Ibrahim, siku hiyohiyo jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Fursa ilikuwa kubwa kwa mtu anayetaka kutukuzwa. Yeye, pamoja na msiba wake, alisimama akawakatalia, akawaeleza kuwa jua na mwezi ni Ishara mbili katika Ishara za Allah, hazipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa mtu. Kama mbingu haikubadilika kwa mtoto wa Mtume, hatujui itabadilika vipi kwa duka la mtaani.

Tuhuma ya Malindi

Wengi wetu tuliosoma historia shuleni tuliambiwa kuwa Ibn Majid ndiye aliyemchukua Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Hindi mwaka 1498. Wengine waliongezewa kuwa alileweshwa kwanza. Tangu hapo akawa kwa watu wengi yule Mwislamu aliyemfungulia mlango adui. Na mlango ulifunguliwa kweli: mwaka 1505 Wareno waliiteka na kuipora Kilwa mwezi wa Julai, na Mombasa wakaichoma mwezi uliofuata. Tuhuma ya namna hii kwa maiti asiyeweza kujitetea inataka ushahidi. Tuutazame.

Aliyeiandika ni Qutbuddin an-Nahrawali, mwanachuoni mwenye asili ya Gujarati aliyekuwa mufti wa Makkah, katika historia yake ya ushindi wa Waturuki Yemen. Alizaliwa mwaka 1511, miaka 13 baada ya safari hiyo, na aliandika zaidi ya miaka 70 baada yake. Hakutaja alisikia kwa nani. Hiyo ni riwaya iliyokatika, na tungeikataa hata kama ingekuwa juu ya jambo dogo. Zaidi ya hapo, simulizi yake haizungumzii safari ya Malindi kwenda Hindi kabisa. Inazungumzia Mafaranji waliokuwa wakivunjikiwa majahazi mahali penye majabali upande mmoja na bahari ya giza upande wa pili, mpaka akawaelekeza wasikaribie pwani hapo, waingie bahari kuu kisha warudi. Haya yanafanana na kuzunguka rasi ya kusini ya Afrika, na huko hawakuhitaji rubani wa Julfar. Walikwisha kupita wenyewe kabla hawajafika Malindi.

Wareno wenyewe, ambao walikuwepo, hawamtaji Ibn Majid hata mara moja. Daftari la safari lililoandikwa na mmoja wa waliokuwemo linasema mfalme wa Malindi aliwapa rubani Mkristo, na katika safari ile waliwadhania Mabaniani kuwa Wakristo. Castanheda, aliyechapisha mwaka 1551, anasema alikuwa Mgujarati aitwaye Canaca. Barros, mwaka uliofuata, anamfanya Mwislamu wa Gujarati, naye anamwita Malemo Cana. Malemo ni malimu, cheo cha rubani, neno lilelile la mwalimu. Na Kanaka katika lugha za Hindi ni mwenye kuhesabu nyota, mnajimu. Hivyo wanachokiita jina si jina, ni kazi yake tu: malimu mpiga hesabu. Barros anaongeza kuwa Gama alimwonyesha usturulabu akitaraji atashangaa, naye hakushangaa, akamwambia kuwa wao wana vyombo vyao, kisha akamwonyesha kile chake cha vipande vya mbao.

Yule rubani, awe nani, aliijua kazi yake. Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili na wakaiona nchi ya Hindi tarehe 18 Mei, wakatia nanga karibu na Kalikut siku mbili baadaye. Wakati wa kurudi Gama hakungojea msimu. Aliondoka mwanzo wa Oktoba, kaskazi haijasimama, na bahari ileile ikamchukua karibu miezi 3. Watu wake wapatao 30 walikufa njiani kwa ugonjwa wa fizi, na walipoingia Malindi tarehe 7 Januari 1499 hawakuwa na mabaharia wazima wa kutosha kuendesha majahazi. Siku 23 za kwenda na miezi 3 ya kurudi: huo ndio uzito wa mzunguko ambao Ibn Majid alikuwa akiuandika.

Kiungo cha jina lake na rubani wa Malindi kilifungwa mwaka 1922 na mtafiti wa Kifaransa, Gabriel Ferrand, aliyekuwa amezifufua hati zake zilizoko Paris na akaiunganisha riwaya ya an-Nahrawali na maandishi ya Wareno. Kutoka kwake ikaingia katika vitabu vya shule. Tangu wakati huo wachunguzi kadhaa wameipinga, akiwemo Ibrahim Khoury wa Syria, na mtawala wa Sharjah, Sultan bin Muhammad al-Qasimi, aliyeandika kitabu kizima cha kumtakasa. Ni kweli kwamba katika as-Sufaliyya zimo beti zinazowataja Mafaranji, na kuna wanaosema beti hizo zilitiwa baadaye. Lakini hata tukizikubali zote, hakuna pahala anaposema kuwa aliwaongoza. Na Ibn Majid, kama tulivyokwisha kuona, si mtu aliyekuwa akificha kazi zake.

Kwa hiyo msimamo wetu ni kwamba jambo hilo halikuthibiti, na wala ulevi haukuthibiti. Mwalimu wa historia anayetaka kulitaja alitaje kama dai, pamoja na udhaifu wake. Mzazi aliyewahadithia watoto wake kuwa Ibn Majid alituuza, basi awahadithie na haya.

Utungo wake wa mwisho wenye tarehe ni wa mwaka 906 Hijriyyah, yaani 1500 au 1501. Baada ya hapo hatumsikii tena. Alikuwa amekwisha kuingia uzeeni, na bahari aliyoijua ilikuwa inabadilika mikononi mwa watu wengine. Sulayman al-Mahri, aliyemfuatia katika fani hiyo, alijenga juu ya kazi yake katika nusu ya kwanza ya karne ya 16, na baadaye Waturuki wakaitarjumi elimu ya wawili hao kwa lugha yao.

Mabaharia hawakumsahau. Mwaka 1854, Mwingereza Richard Burton alipoanza safari kutoka Adeni kuelekea pwani ya Somalia, aliwakuta mabaharia wa chombo wakimsomea Fatiha Sheikh Majid kabla ya kuingia bahari kuu, wakiamini kuwa ndiye aliyewaachia dira. Zaidi ya miaka 350 ilikuwa imepita. Dira haikuwa yake, ilikuwepo kabla yake, lakini walikuwa wanaujua wema wa nani unaowafikisha. Allah Amrehemu, Amghufirie, na Ayakubali aliyowanufaisha kwayo waja Wake baharini.

Wallaahu A'lam.